Kalavati la Nne

Lilikuwa Kosta la shule, rangi ya njano imebabuka,
tulilinunua mnadani halina viti, halina honi.
Ndahani akaligongea nyundo miezi minane:
kitanda cha mninga, jiko la gesi la plati mbili,
pipa la maji juu ya paa. Mapazia nilishona mwenyewe
kwa vitenge vilivyobaki harusi za watu.
Wanetu walisema wazee wamechanganyikiwa,
nyumba ipo Chang'ombe, ina umeme na feni,
wao wanakwenda kulala njiani.

Tuliondoka Jumanne saa nne, chai imeshanyweka,
hatuna miadi na mtu.

Makutupora mabasi yalitupita yakitupigia kelele.
Ndahani akayapungia mkono kama askofu.
"Kondoa haihami," akasema,
akapunguza mwendo zaidi, makusudi.

Mayamaya tulinunua kuku na chumvi.
Mbele kidogo tukaiacha lami,
tukashika ile ya zamani iliyolala kando yake
kama gamba alilolivua nyoka.
Njia kuu ya kaskazini, waliita wakoloni,
wakaichora kwa rula kutoka Rasi hadi Kairo.
Kwetu ilikuwa njia ya Ndahani.
Miaka ishirini na saba aliipiga greda,
mvua inaharibu, yeye anasawazisha,
mvua inaharibu.

Mimi nilikuwa Mvumi nikizalisha wake za watu.
Wangu watatu nilijifungua yeye yuko kambini.
Zilikuja barua, karatasi inanuka dizeli:
leo tembo wamekanyaga hema, leo sukari imeisha,
leo tumemwaga zege, na kabla halijakauka
nimeandika jina lako kwa msumari, Peresi,
kalavati la nne ukishapita Haneti.
Barua hiyo niliikunja ndani ya Biblia,
katika Ruthu, karatasi ikaota doa.

Basi tulihesabu.
La kwanza limejaa mchanga.
La pili mbuzi wamelifanya zizi.
La tatu hatukuliona, akaapa lilikuwepo.
La nne alishuka kabla gari halijasimama,
akapiga magoti na goti lake bovu,
akafuta vumbi kwa kofia.

Nikainama naye. Zege limemeguka upande mmoja.
Zimebaki herufi nne:
RESI.

"Umeona?" akasema, na macho yamelowa.
Nikaona.
Nikakumbuka pia mpishi wa kambi ya Chemba,
mchekeshaji, mwenye mwanya, aliyemtaja
katika barua tatu, kisha asimtaje tena.
"Ndahani," nikasema, "yule mpishi wenu aliitwa nani vile?"

Upepo ukapita. Mbuzi mmoja akakohoa.
Alichelewa kujibu,
kwa kadiri ya mtu kumeza tonge la mlenda,
halafu akacheka hadi akakaa chini barabarani,
akasema, "Teresi! Eh, Mungu wangu, Teresi!"
na mimi nikacheka, sikujua nacheka nini,
tukacheka wawili juu ya kalavati lisilopitwa na gari.

Hakusema zaidi. Sikuuliza.
Nilinyoosha mkono, akaniwekea ufunguo kiganjani.
Leseni nilipata nikiwa na miaka sitini na moja,
alinifundisha yeye, uwanja wa mnada, kati ya ng'ombe.

Kolo tulifika jua limeegemea mlima.
Swalehe, kijana wa Kirangi, alitupandisha mwambani
akimshika mzee kiwiko.
Watu wembamba wa rangi nyekundu, nywele zimetuna,
mmoja anavutwa mkono huku na huku,
haijulikani wanamwokoa ama wanamwiba.
"Nani alichora?" nikauliza.
"Hawakuandika majina, mama."
Ndahani akakohoa, akaangalia viatu vyake.

Usiku nilipika kuku kwa gesi iliyobaki.
Aliosha vyombo bila kuagizwa, hata sufuria,
akalala upande wa dirisha, mkono wake mgumu
juu ya tumbo langu, ukinuka sabuni.
Nje fisi. Mbali sana, lori kwenye lami.

Kesho Bereko, kisha tutakapojisikia.
Ufunguo ninao mimi.